Jinsi ya Kuitambua Meli Nzuri ya Karibi Kabla ya Kulipa

Matangazo ya safari za meli katika Bahari ya Karibi hayatofautiani sana. Maji ni ya samawati, juu ya sitaha kuna mtelezo wa kuogelea, na wapenzi wawili wameshika glasi wakilitazama jua linavyozama. Hakuna tangazo linalomwambia msafiri kwamba chumba chake kiko chini ya disko, au kwamba saa sita za kisiwani zitabaki nne baada ya foleni. Ndiyo maana wengi wanaopanda kwa mara ya kwanza huuziwa mbuzi kwenye gunia. Wazoefu huziacha picha, wakachunguza ramani ya sitaha, hesabu chache zilizo wazi kwa kila mtu, na ratiba ya saa za bandarini.

Biashara hii, kwa sura tunayoijua leo, si ya kale. Kampuni ya Norwegian ilianza 1966, Royal Caribbean 1968 na Carnival 1972, zote zikitegemea bandari ya Miami, Florida. Meli ya kwanza ya Carnival, Mardi Gras, ilikwama kwenye fungu la mchanga nje ya bandari hiyo katika safari yake ya kwanza na abiria. Januari 2024, kutoka Miami hiyo hiyo, iling'oa nanga Icon of the Seas ya Royal Caribbean: urefu wa mita 365, sitaha 20, imeundwa Turku nchini Finland. Ukubwa kama huo ndio unaopigiwa tarumbeta kuliko kitu kingine chochote, na ndio unaopotosha zaidi.

Nafasi kwanza, ukubwa baadaye

Tani zinazotajwa kwenye matangazo si uzito wa meli. Ni kipimo cha ujazo, yaani nafasi yote iliyofunikwa ndani yake. Mtu akizigawa tani hizo kwa idadi ya abiria, anapata fungu la kila mmoja, pamoja na korido, kumbi na migahawa. Hesabu hii haihitaji mtaalamu. Simu ya mkononi inatosha.

Icon ina tani zipatazo 248,000 na abiria 5,610 wakihesabiwa wawili kwa kila chumba. Hiyo ni kama 44 kwa kichwa. Mardi Gras mpya ya Carnival, iliyolirithi jina la ile iliyokwama, inapata kama 34. Seabourn Encore, meli ndogo ya watu 600 hivi, inakaribia 70. Kwa kawaida, chini ya 30 watu watabanana. Kati ya 35 na 45 ni hali ya meli kubwa za kifamilia. Ikipita 60 hiyo ni anasa, na bei itasema hivyo hivyo.

Mtego uko kwenye maneno "wawili kwa kila chumba". Shule zikifungwa, vitanda vya watoto hushushwa kutoka ukutani na chumba cha wawili kinalaza wanne. Icon ikijaa kabisa inaweza kubeba watu 7,600, na ile 44 inaporomoka hadi 33. Meli ya wiki ya kwanza ya Desemba na ile ya wiki ya Krismasi zina jina moja tu. Foleni ya lifti, kiti cha kando ya bwawa na sauti ya mhudumu havifanani kabisa.

Hesabu ya pili ni ya wafanyakazi. Icon ina kama 2,350, maana yake mmoja kwa abiria wawili na nusu hivi. Kwenye meli ndogo za kifahari mfanyakazi mmoja huwa na abiria wasiotimia wawili. Tofauti hiyo haionekani kwenye picha. Huonekana asubuhi, kikombe cha chai kinapochukua dakika mbili au kumi na mbili kufika mezani.

Chumba husomwa kwenye ramani

Kampuni zote huweka wazi ramani ya kila sitaha. Msafiri makini huchukua namba ya chumba anachouziwa, akatazama sitaha ya juu yake na ya chini yake mahali pale pale. Juu kukiwa na bwawa, alfajiri atasikia viti vikiburutwa na wafagiaji. Chini kukiwa na ukumbi wa muziki, besi itampanda kitandani hadi usiku wa manane. Kwenye omo, karibu na mnyororo wa nanga, bandari isiyo na gati itamwamsha kwa mngurumo wa chuma. Kanuni ya wazoefu ni fupi: chagua chumba ambacho juu yake kuna vyumba na chini yake kuna vyumba.

Kuhusu kuyumba, meli huinuka na kushuka zaidi kwenye omo na tezi, na hulala upande zaidi kwenye sitaha za juu. Anayelevywa na bahari achukue chumba cha katikati, sitaha ya chini. Meli za sasa zina mapezi yanayochomoza ubavuni chini ya maji kupunguza kuyumba, lakini hayaufuti msukosuko wote. Tangawizi huwasaidia wengine, na vidonge hufanya kazi vizuri zaidi vikimezwa kabla kichefuchefu hakijaanza.

Je, roshani ina thamani ya nyongeza yake? Kwa anayependa kukaa peke yake na kitabu, ndiyo. Kwa atakayekuwa nje tangu chai hadi usiku, chumba cha ndani kisicho na dirisha ni giza zuri la kulalia, na pesa iliyobaki inalipia matembezi ya visiwani.

Usafi una alama zake

Hapa msafiri ana bahati ambayo mteja wa hoteli nyingi hana. Kituo cha Marekani cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa, CDC, kina mpango wa ukaguzi wa meli tangu miaka ya 1970. Wakaguzi huingia bila taarifa, meli ikiwa kwenye bandari ya Marekani. Hupima joto la majokofu na la vyakula vya bufee, hukagua maji ya kunywa na mabwawa, huangalia wapishi wanavyonawa. Chakula baridi kinatakiwa kisizidi nyuzi 5 za Selsiasi, na cha moto kisipungue 57. Meli hupewa alama kati ya 100. Ikipata 85 au chini ya hapo, imefeli. Matokeo hutangazwa kwa jina la meli, na kuyasoma ni bure.

Mwenye jicho la ukaguzi hazitazami alama za mara moja tu, bali mfululizo wake. Meli inayopata 96, 98, 95 ina nidhamu. Inayopata 100 leo na 87 mara iliyofuata inamtegemea msimamizi fulani, na msimamizi huyo anaweza kuwa likizo.

Adui mkubwa ni virusi vya noro, vinavyoleta kutapika na kuhara na kusambaa upesi palipo na watu wengi. Jeli ya spiriti haivimalizi vizuri. Sabuni na maji ndiyo dawa. Kwa hiyo ishara moja ya meli nzuri ni masinki ya kunawia mlangoni pa bufee, na mfanyakazi anayewasimamisha watu kwa tabasamu hadi wanawe.

Njia, saa na msimu

Abiria wengi hushangaa kwa nini meli za Florida zinapita Nassau au Cozumel mara kwa mara namna ile. Jibu liko kwenye sheria ya Marekani ya 1886 inayozizuia meli za bendera za kigeni kubeba abiria kati ya bandari za Marekani tu. Karibu meli zote hizo zimesajiliwa Bahama, Panama, Bermuda au Malta, hivyo lazima ziguse nchi nyingine, na Bahama iko jirani.

Ubora wa njia haupimwi kwa wingi wa bandari bali kwa saa. Chukua mfano wa George Town, Grand Cayman. Meli kubwa hutia nanga baharini na abiria hushushwa kwa mashua. Ratiba ikisema saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, ondoa foleni ya mashua ya kwenda, ondoa ya kurudi, ondoa nusu saa ya mwisho ambayo kila mtu anatakiwa awe amesharudi melini. Kinachobaki ndicho kisiwa alichonunua msafiri. Bahari ikichafuka, nahodha anaweza kuiruka bandari hiyo kabisa, na mkataba wa tiketi unamruhusu.

Linganisha na Willemstad, Curaçao, ambako msafiri hushuka kwa miguu na muda si mrefu yuko kwenye daraja la Queen Emma la 1888. Daraja hilo linaelea juu ya mashua na hufunguka kando kupisha vyombo, huku nyumba za rangi za zama za Kiholanzi zikiwa mbele yake. Kusini huko, pamoja na Aruba na Bonaire, vimbunga hupita kwa nadra.

Kwingineko msimu wa vimbunga ni kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, ukichacha kati ya Agosti na Oktoba. Ndiyo sababu tiketi za Septemba ni nafuu. Septemba 2017 vimbunga Irma na Maria viliharibu vibaya Saint Martin, Dominica, Puerto Rico na visiwa jirani, na meli zikalazimika kubadili njia. Anayenunua Septemba ajue ananunua safari ya baharini. Majina ya visiwa ni ahadi tu. Tangu 2011 kuna pia mwani wa sagasamu, unaorundikana kwenye fukwe nyingi hasa kati ya Machi na Agosti na kutoa harufu ya yai bovu.

Bei iliyoandikwa na bei yenyewe

Rahisi ghali: hapa ndipo usemi huo unapofanya kazi. Tiketi hulipia chumba, chakula cha kawaida na maonyesho. Pombe, soda, intaneti, migahawa maalumu, picha na matembezi ya kisiwani huwa na bei zake. Bakshishi kwenye kampuni nyingi hukatwa yenyewe kila siku, zaidi ya dola 15 kwa kila mtu, mtoto naye akihesabiwa. Asafiriye peke yake mara nyingi hutozwa karibu bei ya watu wawili. Kulinganisha meli mbili kwa haki ni kujumlisha yote hayo kwanza. Aghalabu ile iliyoonekana ghali hukuta mwenzake kashaipita.

Chakula nacho kina mtihani wake. Kamba na nyama ya kuchoma hupikwa vizuri karibu kila mahali. Mpishi mzuri hujulikana kwa yai la asubuhi, mkate uliookwa humo humo melini, na mboga ambazo hazijaiva hadi kulegea. Siku ya kwanza mchana umati hukimbilia bufee. Msafiri aulize kama ukumbi mkuu wa chakula umefunguliwa, kwani mara nyingi huwa wazi na mtulivu.

Siku ya kupanda

Ndege ifike Miami jana yake. Meli haimsubiri aliyechelewa uwanja wa ndege. Sanduku kubwa hupokelewa gatini na huweza kufika chumbani jioni, kwa hiyo dawa, hati, nguo ya kuogelea na chaja zikae kwenye begi la mkononi. Pasi ya nguo na mshumaa vitazuiliwa kwa hofu ya moto.

Zoezi la usalama si la kukwepa. Januari 2012 meli ya Costa Concordia ilipasuka karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, watu 32 wakafa, na mamia waliopanda jioni ile walikuwa hawajafanya zoezi. Sheria za kimataifa zikabadilishwa: sasa hufanyika kabla ya kuondoka au mara tu baada yake. Kengele ya hatari ni milio saba mifupi na mmoja mrefu. Meli inayofuatilia kwa majina wasiojitokeza inastahili sifa, hata kama inaudhi.

Kwa msafiri wa Afrika Mashariki, hati ndiyo kazi kubwa. Anahitaji viza ya Marekani inayomruhusu kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu meli hutoka nchini na kurudi. Achunguze pia masharti ya kila kisiwa, na achukue cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwani baadhi ya visiwa hukidai kwa watokao kwenye nchi zenye ugonjwa huo. Nguo za mabaka ya kijeshi azibakize nyumbani: Barbados, Jamaika na visiwa vingine kadhaa vinazikataza kwa raia, jambo ambalo Mtanzania halimshangazi. Visiwa vya Virgin vya Marekani, tangu 2020, vimepiga marufuku krimu za jua zenye oksibenzoni kwa kuwa hudhuru matumbawe.

Akishuka bandarini, aifuate saa ya meli, si ya kisiwa. Kampuni nyingi huahidi kuyasubiri matembezi zinazoyauza zenyewe. Aliyekodi teksi yake mwenyewe akichelewa, atajilipia nauli hadi bandari inayofuata.

Kabla ya kutoa hata senti, basi, mwulize wakala mambo manne: tani kwa abiria, alama za ukaguzi za miaka mitatu, saa halisi za kila bandari, na jumla ya gharama pamoja na bakshishi. Asipoweza kujibu, tafuta wakala mwingine. Wapo tele.