Ubongo wa muuaji? Tuisome upya ile asilimia 81

Mwaka 2014 jarida la NeuroImage: Clinical lilitoa utafiti wa Lora Cope, Kent Kiehl na wenzao, uliofanywa kwa wavulana waliofungwa nchini Marekani. Walipigwa picha za ubongo kwa MRI: 20 walikuwa wameua, 135 walikuwa na makosa mengine. Wale 20 walionekana kuwa na maada ya kijivu pungufu kwenye sehemu za ubongo zilizo usawa wa masikio, ikiwemo hipokampasi. Programu ya kompyuta ikawatenganisha wauaji na wasioua kwa usahihi wa asilimia 81.

Tuwape haki yao kwanza. Hawakulinganisha wafungwa na watoto wa shule tu, kisha wakashangaa kukuta tofauti. Walilinganisha wafungwa kwa wafungwa, tena wakachagua kundi jingine la 20 linalofanana na wauaji kwa vigezo kadhaa vya kisaikolojia na vya maisha. Hiyo ni kazi ya maana.

Sasa, shida iko wapi? Kwanza, picha zilipigwa baada ya mauaji. Hipokampasi huathiriwa na msongo wa muda mrefu na pombe, na MRI haikuambii upungufu ulianza lini. Je, ubongo ulileta tukio, au maisha magumu yalileta vyote viwili? Pili, vijana 20 ni wachache mno kwa kompyuta kujifunzia kanuni ya kuwahukumia wengine.

Tatu, hebu tupige hesabu ya mfano. Chukua vijana 1,000, na tuseme 10 kati yao wataua. Kipimo chenye usahihi wa asilimia 81 pande zote mbili kitawanasa kama 8. Lakini kitawanasa pia 188 wasio na hatia! Yaani kati ya 196 watakaopigwa muhuri wa "muuaji", 188 hawatamgusa mtu. Nani atamfuta kijana huyo muhuri huo?

Sayansi ya ujana inaweza kutumika kwa busara. Mwaka 2005, katika kesi ya Roper v. Simmons, Mahakama Kuu ya Marekani ilipiga marufuku adhabu ya kifo kwa waliotenda kosa kabla ya miaka 18, ikizingatia pia tafiti kuhusu kutokomaa kwa vijana. Pale, maarifa kuhusu rika zima yalitunga kanuni ya rika zima. Kumchukua kijana mmoja na kumsomea wastani wa kundi ni jambo jingine kabisa.

Ili nishawishike, wawafuatilie watoto kabla hawajakosa, kisha wajaribu programu yao kwa watoto wapya. Kwa sasa, kujua kama mtoto anapigwa nyumbani au ameanza kunywa pombe hakuhitaji MRI. Anahitajika mtu mzima wa kumuuliza, na wa kumsaidia akishajibu.