Tofauti Ziwekwe Wapi? Namna ya Kutambua Usanidi Bora wa Kompyuta Nyingi

Chukua ofisi ya wakala wa Irembo, jukwaa la huduma za serikali mtandaoni, mjini Gisenyi, Rwanda, ambayo pia hupiga fotokopi na kuwaandikia watu barua. Ina kompyuta sita za mitumba: tatu zilivuka mpaka kutoka Goma, Kongo, na kibodi zake ni AZERTY, tatu zilinunuliwa Kigali na ni QWERTY. Moja inahudumia printa, moja iko mapokezi, zilizobaki ni za makarani. Mwenye ofisi anataka zote ziongozwe na usanidi mmoja wa NixOS, mfumo endeshi wa familia ya Linux. Yanayofanana, fundi yeyote mwenye bidii ataweza kuyaandika. Bingwa hutambulika kwa namna anavyozipanga tofauti: kila moja ina mahali pake, tena mahali pamoja tu.

NixOS imejengwa juu ya fikra za tasnifu ya Eelco Dolstra wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, ya mwaka 2006. Mfumo mzima huelezwa kwa maandishi, na kompyuta hujijenga kwa kuyafuata. Ukifuta mstari wa programu fulani na kuujenga mfumo upya, programu hiyo haimo tena. Ansible, zana nyingine ya kusimamia kompyuta, haifanyi hivyo: mstari ukifutwa, programu hubaki mpaka uagize iondolewe. Ndiyo maana usanidi wa NixOS unaweza kuukagua kwa kuusoma, hata kabla hujawasha mashine.

Anza na faili la mashine

Fungua faili la kompyuta moja, yoyote. Liwe fupi: jina la mashine, kazi zake, na rejeo la faili la vifaa vyake. Faili hilo la vifaa huzalishwa na amri ya nixos-generate-config, na amri hiyo ikirudiwa huliandika upya. Ukikuta mtu ameingiza mistari yake humo, ujue siku moja itapotea bila yeye kujua.

Tazama pia stateVersion. Thamani hii hukumbuka toleo ambalo mashine ilisimikwa nalo mara ya kwanza, na haipandishwi kila mfumo unaposasishwa. Makao yake ni faili la mashine. Ukiikuta kwenye moduli ya pamoja (faili linalotumiwa na mashine zote), mwandishi alinakili bila kuelewa.

Soma majina ya moduli

Moduli nzuri hubeba jina la kazi au la sifa: uchapishaji, mapokezi, kibodi-azerty. Jina kama "kompyuta-ya-tatu" ni dalili mbaya, kwani siku mashine hiyo ikihamishiwa dawati jingine jina litadanganya.

Mpakani, kibodi ndiyo mtihani wenyewe. AZERTY ya Ubelgiji na ya Ufaransa zinatofautiana katika baadhi ya alama, kwa hiyo "be" na "fr" si kitu kimoja. Zaidi ya hapo, NixOS ina mpangilio mmoja wa kibodi kwa dirisha la kazi na mwingine kwa skrini nyeusi ya kuwashia. Fundi akirekebisha wa kwanza akausahau wa pili, karani ataandika nywila ya diski iliyofungwa kwa siri, na mashine itaikataa ingawa ni sahihi. Mwambie fundi awashe mashine mbele yako.

Saa nayo ina mtego wake. Gisenyi na Goma zina saa moja, lakini Kinshasa iko nyuma kwa saa nzima. Ofisi ikiwa na tawi Goma, nalo likiandikiwa Africa/Kinshasa kwa sababu tu ndio mji mkuu, nyaraka zake zitapishana na za Gisenyi. Jina lake sahihi ni Africa/Lubumbashi.

Hesabu mabavu

Moduli ya pamoja hupendekeza thamani kwa mkDefault, na mashine inaruhusiwa kukataa. mkForce hulazimisha. Moja au mbili zenye maelezo pembeni si neno. Zikijaa kila faili, mipaka ya moduli ilikatwa vibaya tangu mwanzo, na sasa fundi anapigana na maandishi yake mwenyewe.

Kufuli na siri

Faili la flake.lock hufunga matoleo kamili, ili mashine iliyojengwa leo na itakayojengwa mwezi ujao zilingane. Lazima litunzwe ndani ya Git, na lisichakae. NixOS hutoa toleo jipya mwezi Mei na Novemba, na kila toleo huhudumiwa kwa takriban miezi saba. Kufuli lisiloguswa mwaka mzima limeshapitwa na marekebisho ya usalama.

Kisha tafuta nywila ya Wi-Fi. Ikiwa imeandikwa wazi, kosa ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa kuwa yaliyomo kwenye /nix/store husomeka na kila mtumiaji wa mashine. Fundi makini hutumia sops-nix au agenix: siri husafiri ikiwa imefichwa, na hufunguliwa kwenye mashine husika tu.

Bando na umeme

Mashine sita zikipakua vifurushi vilevile kila moja kivyake, bando linalipiwa mara sita. Usanidi bora huteua mashine moja ipakue na kuzigawia nyingine kwa mtandao wa ndani. Umeme ukikatika katikati ya usasishaji, mfumo wa zamani bado upo na huchaguliwa wakati wa kuwasha. Kwa hiyo uliza ni vizazi vingapi vya mfumo vinavyohifadhiwa. Kikiwa kimoja, hakuna pa kurudi. Visipofutwa kabisa, sehemu ya kuwashia hujaa.

Jaribio la mwisho

Mlima wa volkano wa Nyiragongo ulilipuka tarehe 22 Mei 2021, na mitetemeko iliyofuata ilipasua majengo ya Gisenyi. Kwa hiyo ujaribu usanidi kana kwamba mashine zimeharibika: mpe fundi kompyuta tupu na flashi, umwombe aijenge ile ya mapokezi. Kila anachokiandika kwa mkono njiani ni kitu kilichokosekana kwenye usanidi, kiorodheshe. Halafu muulize nyaraka za wateja ziko wapi. Usanidi hurudisha programu na mipangilio, hauwezi kurudisha barua wala risiti. Asiyekuonyesha nakala zilizohifadhiwa nje ya mji, Musanze au Kigali, usimlipe malipo ya mwisho, hata kama moduli zake zinapendeza kusoma.