Kusugua si Kutunza

Siku hizi wako walimu na vijana katika nchi yetu ya Handeni na Korogwe wanaokusanya vitu vya shaba vya kale, yaani vikuku, bangili na masango waliyovaa bibi zetu. Kazi hii ni njema, maana wanunuzi wa vyuma chakavu hupita vijijini na mizani zao, na kikuku cha bibi huuzwa kwa uzito kama sufuria iliyotoboka. Lakini namna tunavyokusanya ina makosa mawili, nami ni mmoja wa wakosaji.

Mwezi uliopita mwalimu mmoja alinionyesha kabati lake. Vitu kumi na viwili vilipangwa juu ya kitambaa cheupe, vyote vyang'aa kana kwamba vimetoka dukani jana. Naliusifu mpango wake. Kisha nikauliza, "Hiki chatoka kijiji gani? Nani alikivaa?" Hakuweza kunijibu.

Kosa la kwanza ni kusugua. Shaba ya kale hujifanyia ngozi ya hudhurungi au ya kijani, nayo ngozi hiyo huikinga. Tukiisugua kwa limau na mchanga, twaondoa ngozi pamoja na alama za mkono wa mhunzi. Mimi nilikifanyia hivyo kikuku cha bibi yangu. Nilipompelekea mjomba, alikigeuzageuza akasema, "Mpwa wangu, hiki si cha mama. Cha mama kilikuwa na mistari." Kumbe kilikuwa kile kile, mistari niliifuta mimi.

Adui wa shaba ni chumvi na unyevu, na hata jasho la mikono lina chumvi. Kitu kizima chatosha kupanguswa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, kikawekwa mahali pakavu. Lakini kikitoa vidoa vya unga wa kijani hafifu, nao warudi kila ufutwapo, huo ni ugonjwa. Kikaushwe, na watu wa makumbusho waulizwe.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo ni kutoandika. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate nchini Kenya, wachimbuzi wa mambo ya kale walipata katika miaka ya 1980 simba mdogo wa shaba, wa kuenea kiganjani. Umbo lake lafanana na kazi za Uhindi. Lakini kwa kuwa mahali alipolala ardhini paliandikwa kwa uangalifu, wataalamu walitambua ya kuwa ni wa kadiri ya mwaka 1100, wakaweza hata kuuliza kama alisubiwa huku huku pwani. Angaliokotwa na kuuzwa sokoni, watu wangalisema, "Ni wa Uhindi," na neno likaisha.

Ndivyo ilivyo kwetu. Katika karne ya 19 misafara ilipandisha waya za shaba kutoka Pangani, na waya hizo zikawa mapambo ya watu wa bara. Basi kikuku kimoja chaweza kutueleza habari za biashara ya bahari na za mhunzi wetu pia, ikiwa tu twajua kilikotoka. Pasipo habari hizo ni shaba tu, na mwenye mizani hana kosa kukipima.

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Basi kila mkusanyaji na awe na daftari. Akipe kila kitu namba, aandike jina lake kwa Kizigua au Kishambaa, kijiji, aliyekivaa, na siku alizokivaa. Mwalimu yule ameanza daftari lake. Katika vitu kumi na viwili amepata habari za vinne. Wenye habari za vile vinane wamekwisha kufa. Ndugu zangu, wazee waliosalia tuwaendee mwezi huu.