Mwenye mfuko na mgonjwa wa akili

Tunapowahubiri watu mfano wa Msamaria mwema, twasifu mafuta na divai, lakini twapita upesi juu ya fedha. Hata hivyo Msamaria alimwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, tena aliahidi kulipa gharama yote itakayozidi. Hakuagiza majeruhi atolewe njiani mara damu ikiisha kukauka.

Kwa kipimo hicho twataka kupima shirika za asiransi za Marekani, ndizo bima kwa kinywa cha ndugu zetu wa mashariki. Huko watu wengi hupata asiransi ya afya kwa njia ya kazi yao, na mara nyingi iko mikononi mwa wafanya biashara. Sheria ya mwaka 2008 yawakataza kuwawekea wagonjwa wa akili mipaka mikali kuliko ya wagonjwa wa mwili. Sheria ni nzuri. Basi, shida yatoka wapi? Yatoka katika neno moja: "lazima". Shirika hulipa matunzo yaliyo ya lazima tu, na mara nyingi ndiyo yenyewe yenye kuandika maana ya neno hilo.

Jambo hilo lilionekana wazi katika kesi ya Wit, iliyofunguliwa mwaka 2014 juu ya shirika United Behavioral Health. Mwaka 2019 juji Joseph Spero wa California alipima miongozo ya shirika hiyo ya miaka 2011 mpaka 2017. Aliona kwamba iliangalia mno kishindo cha ugonjwa, ikasahau ugonjwa wenyewe: mgonjwa akitulia kidogo, sababu ya kulipa yapungua, ingawa shina la ugonjwa lingalimo. Aliona pia kwamba hesabu ya gharama iliingia katika kuandika miongozo. Mwaka 2020 aliamuru maombi karibu 67,000 yaangaliwe upya. Lakini tribinali ya rufaa ilitangua sehemu kubwa ya hukumu, mwaka 2022 na tena 2023, ikisema kwamba mikataba haikuahidi kulipa matunzo yote yanayopatana na kanuni za waganga.

Pengine hiyo ni sawa kwa maandishi ya mkataba. Kwa haki, haitoshi. Mtu mzima wa afya hachunguzi maana ya neno "lazima" siku ya kutia sahihi. Na akiisha kuugua akili, hana nguvu tena ya kubishana kwa barua na kwa simu. Ndiye mnyonge kuliko wote, naye ndiye atakiwaye kujitetea.

Wengine watajibu: ana uhuru, achague mganga mwingine. Uhuru gani? Katika uchunguzi wa miaka 2009 na 2010, waganga wa akili waliopokea asiransi za watu binafsi walikuwa 55 tu katika 100. Waganga wa magonjwa mengine walikuwa 89. Wengi wa wale waliobaki hutibu anayelipa mwenyewe. Uhuru huo ni wa tajiri.

Hatusemi kwamba mwenye mfuko asihesabu. Mfuko wa wengi ukitoboka, wote wataumia. Na mganga pia aweza kumkalisha mgonjwa hospitalini kwa faida yake. Lakini mwenye kuhesabu asiwe peke yake mwenye kufasiri. Huko California, tangu tarehe 1 Januari 2021, sheria yazilazimisha shirika kufuata kanuni za vyama vya waganga visivyotafuta faida. Twasifu njia hiyo.

Nasi Wakongo, jambo hili latuhusu. Mituele za afya, yaani mifuko ya kusaidiana wakati wa ugonjwa, zina sheria yake tangu mwaka 2017, na diosezi kadhaa huzisaidia. Hazitafuti faida, lakini ufukara waweza kuzifundisha ukali uleule. Siku moja padri ataitwa kutoa shauri katika komite ya mfuko wa namna hiyo. Basi, afungue kanuni zake, aulize: mgonjwa wa akili ameandikwa wapi? Atatunzwa mpaka lini? Nani atasema kwamba amepona? Kama jibu ni "mweka fedha", asikubali kunyamaza.