Kilichopotea ni Maji

Betri ya gari iliyochajiwa kupita kiasi hujisema kabla haijapimwa. Vichwa vyake vimeota ungaunga mweupe, juu kumelowa asidi, na ukifungua vifuniko vyote sita unakuta pleti zimechomoza, kavu. Wengi wakiiona hivyo huita mnunuzi wa vyuma chakavu. Fundi betri anayejua kazi hutazama ubavu kwanza. Umevimba? Basi, hana la kufanya. Haukuvimba? Anaifuta kwa maji ya magadi, vifuniko vikiwa vimekazwa, kisha anajiuliza humo ndani kimetoka nini.

Hapo ndipo anapoachana na wababaishaji. Umeme uliozidi huyapasua maji yakawa haidrojeni na oksijeni, nazo hutokea kwenye vitundu vya vifuniko. Asidi imebaki, tena kali kuliko jana. Anayekimbilia chupa ya asidi anatia chumvi kwenye mchuzi uliokaukia. Fundi hutumia maji ya betri yasiyo na asidi, wala si ya bomba, maana ya bomba yana madini. Nayo hayajazi: anafunika pleti tu, kwa kuwa kimiminika hupanda betri inapochajiwa. Alama ya juu ataifikia mwishoni.

Kisha chaja, polepole. Betri ya ampea-saa 60 huwekewa ampea 3 hivi, ikaachwa mahali penye upepo. Hapo havuti mtu sigara, kwani haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka. Ubavu ukipata joto la kuunguza mkono, anazima na kungoja.

Ninachokipenda zaidi ni haidromita, kipimo cha uzito wa asidi. Kila baada ya muda anaichovya chumba kwa chumba na kuandika namba kwa chaki. Betri iliyojaa husoma karibu 1.270, lakini fundi hababaishwi na namba moja kubwa. Anachotafuta ni vyumba sita kwenda pamoja. Vitano vikipanda na kimoja kikigoma kwenye 1.150, betri nzima imekwisha, hata kama taa bado zinawaka. Maji yakivutwa yakaja na matope ya kahawia, ule ni unga wa pleti chanya uliomeguka, na hakuna chaja inayoweza kuurudisha. Wapo wanaoipindua betri wakamwaga matope hayo uani. Huo si ufundi, ni sumu: watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliokaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, wanayajua madhara ya risasi iliyomo kwenye pleti hizo.

Namba zikiganda, anaiacha ilale bila waya wowote. Kesho yake ikisoma volti 12.6, na isiposhuka chini ya 9.6 injini inapopigwa stata, imepona kwa kadiri ya umri wake. Ujana haurudi.

Hata hivyo haikabidhi hadi apime altaneta, injini ikiunguruma. Mita isome kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Ikivuka 15, mgonjwa ni regyuleta. Ibadilishe kwanza, la sivyo hata betri mpya utakayoinunua itachemka vilevile.