Istilahi za Sura ya Uso katika Tiba ya Meno

Katika miaka ya 1840, Anders Retzius wa Uswidi aliyagawa mafuvu kwa kulinganisha upana na urefu wake toka paji hadi kisogo. Baadaye matabibu wa kunyoosha meno walilihamishia kiambishi kile kile, «doliko», kwenye uso, ambako urefu hupimwa toka chanzo cha pua hadi kidevu. Mtu aweza kuwa na hiki bila hicho. Mfasiri aandikaye «mrefu» pote pawili humrithisha mwanafunzi utata huo, na mgonjwa ndiye atakayelipia. Yafaa kutenga: «kichwa chembamba» kwa fuvu, «uso mrefu» kwa uso. Usanifishaji usiotaja kinachopimwa hulivika kosa la kale nguo mpya tu.