Ukaguzi na Uhalisia: Istilahi Mbili za Uigaji wa Kompyuta

Miongoni mwa istilahi za uhandisi ambazo hazijatulia katika Kiswahili, mbili zinahusu imani tunayoipa kompyuta inapoiga kazi za kiwanda. Dhana ya kwanza huuliza kama programu inatekeleza barabara modeli iliyokusudiwa. Ya pili huuliza kama modeli yenyewe inafanana na mfumo halisi kwa kiasi kinachotosheleza lengo lake. Mara nyingi kitenzi "thibitisha" hubebeshwa zote mbili. Kasoro hiyo si ya maneno tu.

Tuchukue mfano wa mashine ya kukoboa mpunga huko Kasongo, Maniema, ambako kilimo cha mpunga kilienezwa na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili katika karne ya 19. Tuseme modeli inakadiria wateja 8 kwa saa, wanaofika kwa nasibu, na mashine yenye uwezo wa kuhudumia 10. Kwa kanuni rahisi ya nadharia ya foleni, wastani wa wateja waliopo mashineni ni 4. Programu ikiendeshwa muda mrefu na kutoa takriban 4, imefaulu jaribio la kwanza. Kuhusu Kasongo, hata hivyo, haijasema lolote. Barabara ikiharibiwa na mvua, baiskeli za mizigo huchelewa, kisha hufika kwa mkupuo. Dizeli ikikosekana, mashine husimama. Hesabu ni sahihi, lakini picha si ya kweli.

Wahakiki wa fasihi wanaijua tofauti hii. Riwaya huweza kuwa na msuko ulioshikamana huku ikiisawiri jamii isiyokuwapo.

Neno "uhalalishaji", linaloweza kupendekezwa kwa dhana ya pili, halifai. Linaashiria muhuri wa ofisi, ilhali modeli haihalalishwi kwa amri: hupimwa kwa takwimu ambazo hazikutumika kuijenga, na kwa ushuhuda wa wanaoujua mfumo. Tunapendekeza "ukaguzi wa programu" kwa dhana ya kwanza na "upimaji wa uhalisia" kwa ya pili.

Mwendesha mashine wa Kasongo, msemaji wa Kingwana, huenda asiijue programu. Lakini akiulizwa kama foleni iliyochorwa inafanana na ile aionayo kila siku, ana jibu. Istilahi isiyomwezesha kulielewa swali hilo humwondoa shahidi mkuu wa modeli.